Ladu na Barfi Katika Jiko la Milimani

Sikukuu ya Diwali, ambayo Wahindu huiadhimisha kwa kuwasha taa katika usiku usio na mwezi wa Oktoba au Novemba, huangukia msimu wa vuli katika milima ya Upare, na kwa familia za Kihindi za Moshi, Tanga na Dar es Salaam hicho ndicho kipindi cha kuandaa sinia za vitamu vya nyumbani vinavyogawiwa jamaa na majirani wa kila dini. Vitamu hivyo huhesabiwa kuwa vya mjini, ilhali sehemu kubwa ya mahitaji yake hupatikana ndani ya Wilaya ya Same au jirani nayo: maziwa ya ng'ombe wanaofugwa zizini Chome, tangawizi ya Mamba na Myamba, sukari ya TPC inayozalishwa kusini mwa mji wa Moshi, na iliki ya milima ya Usambara. Unga wa dengu, ule ule wa bajia, hutoka madukani tambarare, kando ya reli ya Tanga iliyopita Same na kufika Moshi mwaka 1911.

Ladu, yaani donge la unga wa dengu uliokaangwa kwa samli, ndilo linalomfaa anayeanza. Vikombe 2 vya unga hukorogwa ndani ya samli isiyozidi kikombe 1, kwa moto mdogo na bila kupumzisha mwiko, kwa dakika 20 au zaidi. Mwanzoni mchanganyiko huwa mzito na mkavu. Baadaye hulegea, hung'aa, hubadilika rangi na kutoa harufu ya karanga zilizokaangwa, na hapo ndipo sufuria huepuliwa. Sukari iliyosagwa, pamoja na iliki, hutiwa baada ya unga kupoa na kubaki vuguvugu, kwa sababu ikitiwa mapema huyeyuka na madonge hayashikani.

Ugumu halisi uko kwenye shira, yaani maji ya sukari yaliyochemshwa hadi kuwa mazito, ambayo ndiyo roho ya jalebi, yaani unga uliokaangwa na kuchovywa katika shira, na ya aina nyingi za barfi, yaani kitamu kinachokatwa vipande. Maelezo mengi ya mapishi hutaja kipimo cha joto, kwa mfano nyuzi 105 hivi kwa shira ya uzi mmoja, lakini kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Milima ya Upare hupanda hadi meta 2,463 kwenye kilele cha Shengena, juu ya Chome, na kwa kila meta 300 za mwinuko maji huchemka kwa joto pungufu kwa nyuzi 1 hivi, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua. Mpishi aliye kwenye meta 1,500 akingoja nyuzi 105, shira yake itakuwa imepita kiasi na barfi itakuwa ngumu kama jiwe. Kwa sababu hiyo njia ya zamani ya vidole inastahili heshima kuliko kipimajoto: tone lililopoa kidogo hubanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole hutenganishwa taratibu, na uzi mmoja usiokatika upesi huonyesha kuwa shira iko tayari, iwe Tanga au Chome.

Barfi ya maziwa hudai kuni nyingi, jambo zito kwa kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome. Lita 1 ya maziwa huchemshwa na kukorogwa muda mrefu hadi kubaki khoya, yaani maziwa yaliyokaushwa motoni, yenye uzito wa gramu 200 hivi. Kinachofaa zaidi milimani ni adu pak ya Wagujarati, kitamu cha majira ya baridi, ambapo tangawizi iliyosagwa laini hukaangwa kwa samli, kisha huchanganywa na sukari guru hadi iache kushika sufuria, ikamiminwa kwenye sinia iliyopakwa samli na kukatwa ikiwa bado na uvuguvugu.

Ladu likihifadhiwa kwenye chombo kikavu chenye mfuniko hukaa wiki nzima au zaidi, ilhali barfi ya maziwa haikai kiasi hicho. Hivyo ladu hutengenezwa siku kadhaa kabla, na maziwa huinjikwa siku ya kuamkia sikukuu.