Utumbo wa Sangara Una Kazi

Sangara akiingia kiwandani Mwanza, minofu hukatwa, hugandishwa na kusafirishwa nje. Vichwa, mifupa, ngozi, mafuta na matumbo hubaki, na kwa uzito mabaki hayo huzidi nusu ya samaki. Bondo, kifuko cha hewa cha samaki, silihesabu: wanunuzi wa China hulilipia bei inayoishinda minofu.

Kuyaita yote hayo taka ni lugha ya mwenye kiwanda. Mapanki, ile mifupa yenye nyama iliyoponea kisu, yamekuwa yakikaangwa na kuliwa Mwanza tangu viwanda vya minofu viliposhika kasi miaka ya 1990. Kisumu, mtaa wa Obunga, wanayaita mgongo wazi. Mtengeneza unga wa samaki akiyanunua, protini inahama sahani ya mtu na kuingia bandani kwa kuku.

Sayansi ihangaike na visivyolika. Chukua matumbo. Yakiachwa juani, bakteria huyaozesha kwa saa chache tu. Lakini ndani yake mna vimeng'enya, vilevile ambavyo sangara alimeng'enyea dagaa. Saga kilo 100 za matumbo mabichi, tia kama kilo tatu na nusu za asidi ya fomiki, ukoroge vizuri. Pipa liwe la plastiki, kwani asidi hula chuma, nawe uvae glovu na miwani. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 4, bakteria waozeshao hushindwa kuzaliana, ilhali pepsini ya tumboni mwa samaki hustawi katika hali hiyohiyo. Huendelea kuikatakata protini mpaka, kwa joto letu, baada ya siku chache pipa zima limekuwa uji wa kahawia wenye harufu ya kimea. Mafuta huelea; yaenguliwe, maana sangara ni mnono, na yakichacha nyama ya kuku itanuka samaki. Uji unaobaki huchanganywa na pumba, wakalishwa kuku, nguruwe au samaki wa bwawani.

Hapo hapahitajiki boila wala mtambo wa kukaushia, ndiyo maana naipendelea njia hii. Kasoro yake ni maji: uji huo ni mzito kusafirisha, hivyo mfugaji lazima awe jirani. Lakini kila debe lake linapunguza haja ya kusaga dagaa, kitoweo cha watu wa kawaida, kuwa chakula cha mifugo.

Ngozi ina thamani zaidi. Mwaka 2004 John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha utafiti juu ya kolajeni, protini ya ngozi ya sangara, wakakuta inastahimili joto hadi nyuzi 36 hivi. Kolajeni ya samaki wa bahari baridi za kaskazini huvurugika kabla ya nyuzi 20. Samaki wa maji ya joto hujengwa kwa protini inayolingana na maji yake, na jelatini itokayo humo huganda vizuri zaidi. Jelatini nyingi ya pipi na vidonge hutoka kwa nguruwe na ng'ombe. Ya sangara Mwislamu angeimeza bila kuuliza.