Macho ya Fereti

Fereti, mnyama wa jamii ya kicheche aliyefugwa Ulaya tangu kale kuwindia sungura mashimoni, huzaliwa macho yamefumba. Hufunguka akiwa na wiki 4 hadi 5. Mboni yake ni ufa uliolala kimlalo, na nyuma ya retina lipo tabaka linalorudisha mwanga, ndiyo maana macho hung'aa yakimulikwa tochi. Seli za kuonea kwenye mwanga hafifu ni nyingi kuliko za rangi, hivyo huona vyema alfajiri na jioni, ila rangi huzitambua kidogo. Mwenye shida kubwa ni fereti albino: nyuzi nyingi mno za neva za macho huvukia upande wa pili wa ubongo, hata kitu kinachosogea humpotea. Ndani ya shimo, fereti yeyote hutegemea pua na masikio.