Ganesh Chaturthi: Masikio makubwa, mdomo mdogo

UKIINGIA duka la Mhindi pale Ngara, Parklands au kule Mombasa, hebu tupa jicho ukutani karibu na kaunta. Mara nyingi utaona picha ya kiumbe mwenye kichwa cha ndovu, tumbo nene na mikono minne, ameketi kwa raha zake. Pengine umeiona mara mia ukachukua chenji yako na kwenda zako.

Huyo ni Ganesh, mungu ambaye Wahindu huamini huondoa vikwazo. Kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, waumini humwenzi kwa sherehe za siku 10 zinazoitwa Ganesh Chaturthi.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wako Wahindi Waislamu, Masingasinga na hata Wakristo. Kwa hivyo usimwekee kila mwenye duka dini ambayo si yake.

Kichwa kilitoka wapi?

Masimulizi yanasema Parvati, mkewe mungu Shiva, alitaka kuoga bila kusumbuliwa. Akamfinyanga mvulana kwa manjano aliyojipaka mwilini, akampa uhai na kumweka mlangoni awe bawabu. Shiva aliporudi, mvulana akamzuia, hawakuwa wakijuana. Shiva akapandwa na hasira, akamkata kichwa.

Parvati alipojua, kilio chake kilitikisa mbingu. Shiva akaagiza kiletwe kichwa cha kiumbe wa kwanza atakayepatikana, na aliyepatikana alikuwa ndovu. Mvulana akafufuka, akapewa heshima ya kuombwa kabla ya miungu wengine wote. Ndiyo maana kabla ya harusi, safari au kufungua biashara, Wahindu wengi humtaja Ganesh kwanza.

Mwili wenye mafunzo

Sasa mwangalie tena pale ukutani. Waumini huusoma mwili wake kama kitabu. Masikio ni makubwa ili asikilize sana. Mdomo ni mdogo, umejificha nyuma ya mkonga, ili aseme machache. Wewe na mimi mara nyingi tumegeuza mambo. Mtu anasoma kichwa cha habari tu, kisha anashuka mtandaoni kumtukana asiyemjua.

Pembe yake moja imevunjika. Inasimuliwa kwamba alikubali kuandika Mahabharata, utenzi mrefu ajabu, huku mwenye hekima Vyasa akimsomea bila kupumzika. Kalamu ilipomvunjikia njiani, Ganesh alivunja pembe yake akaendelea kuandika nayo. Hakusubiri mambo yawe mazuri ndipo amalize kazi.

Chini ya miguu yake kuna panya, ambaye ndiye usafiri wake. Panya ni tamaa: huguguna kimyakimya gizani, ukija kushtuka gunia liko tupu. Angalia vizuri, Ganesh hakumuua. Amempanda na kumwelekeza anakotaka. Tamaa ya kuomoka si dhambi, ila swali ni nani amempanda mwenzake. Ukiwa umeweka karo kwenye kamari ya simu ukitarajia kuirudisha mara mbili kabla ya Jumatatu, basi panya ndiye dereva.

Halafu kuna lile tumbo. Usiku mmoja, yasema hadithi, Ganesh alianguka kutoka mgongoni mwa panya akiwa ameshiba, na mwezi ukamcheka. Akaulaani: atakayeutazama usiku wa sikukuu hiyo atasingiziwa kosa asilotenda. Hadi leo waumini wengi hukwepa kuutazama. Kama umewahi kuchekwa kwa sababu ya unene, wembamba au rangi yako, unajua kwa nini kicheko kile hakikuwa utani.

Kutoka sebuleni hadi barabarani

Kwa muda mrefu wengi waliiadhimisha sikukuu hii nyumbani. Mnamo 1893, mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak aliitangaza kama sherehe ya umma katika eneo la Pune, magharibi mwa India. Waingereza waliitilia shaka mikutano ya kisiasa, lakini kuzuia watu kuabudu lilikuwa jambo gumu. Chini ya hema moja, watu wa matabaka mbalimbali walikutana, wakaimba na kusikiliza hotuba.

Leo Mumbai hufurika watu. Nyumbani hupikwa modak, vitobosha vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru, ambavyo Mpwani angevitambua kwa harufu tu. Mwishoni sanamu hupelekwa mtoni au baharini na kuzamishwa. Udongo uliofinyangwa kwa ustadi na kupambwa kwa maua unarudi kuwa udongo, huku watu wakimsihi Ganesh arejee mapema mwaka ujao. Ujumbe ni kwamba hata ukipendacho, jifunze kukiachilia.

Tatizo ni kwamba sanamu nyingi zilianza kutengenezwa kwa plasta isiyoyeyuka upesi, na rangi zake zikachafua maji. Mwongozo wa serikali ya India wa 2020 ulikataza sanamu za plasta, ingawa vita hivyo havijaisha. Baadhi ya familia zimerudi kwenye udongo, wengine wakitia mbegu ndani ili sanamu ikiyeyuka kwenye chungu, mmea uote.

Si njia ya mkato

Jina lake jingine ni Vighneshvara, yaani bwana wa vikwazo. Waumini husema yeye huondoa vikwazo, lakini pia huviweka pale mtu anapohitaji kusimamishwa. Si lazima uwe Mhindu kulitafakari hilo. Kazi uliyonyimwa, mradi uliokwama, rafiki aliyekuambia ukweli ukanuna: ni ukuta, au ni bawabu anayekuuliza unaenda wapi?

Kabla ya kuomba njia ifunguliwe, mwangalie panya wako kwanza.