Kabla ya kuomba mtaji, hesabu miezi isiyo na mapato

WAPO vijana wengi wenye mawazo ya biashara yanayopendeza masikioni. Lakini wanapoketi mbele ya afisa wa mikopo, au mbele ya wanachama wenzao katika chama, na kuulizwa pesa zitarudi lini, huanza kugugumia. Si kwamba hawana bidii. Wamehesabu faida kabla ya kuhesabu gharama.

Mathalani, tuchukue ufugaji wa kuku wa mayai, biashara ambayo huanzishwa na wengi na kuachwa na wengi vilevile. Kijana huandika katika mpango wake: kuku 100, mayai 100 kila siku, zaidi ya trei tatu. Yeyote aliyewahi kufuga atatabasamu tu. Kifaranga wa siku moja huanza kutaga baada ya takriban wiki 18 hadi 20. Katika muda huo hula kilo saba hivi za chakula, kumaanisha kuku 100 watamaliza magunia 10 ya kilo 70 kabla ya kuleta hata shilingi moja. Aidha, hakuna kundi linalotaga kwa asilimia 100 siku zote. Asilimia 80 ni kiwango cha busara kupangia.

Tuchukulie kwamba gunia ni Sh3,500 na trei ya mayai 30 huuzwa kwa Sh330. Kuku anayetaga hula takriban gramu 120 kwa siku, hivyo basi kuku 100 hula kilo 12, yaani chakula cha Sh600. Mayai 80 yataleta Sh880. Zinasalia Sh280, na bado hujalipia chanjo, umeme, maranda wala kibarua. Bei ya trei ikishuka hadi Sh270, jinsi inavyoweza kutokea mayai ya bei nafuu kutoka Uganda yanapofurika sokoni, zitasalia Sh120 pekee.

Hesabu hii haimaanishi biashara ni mbaya. Inaonyesha kiasi kinachopaswa kuombwa: si bei ya vifaranga na banda tu, bali pia Sh35,000 za chakula cha miezi ambayo hakuna mapato, na akiba kidogo ya dharura. Inaonyesha pia mkopo gani unafaa. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulitakiwa kulipwa kwa muda wa siku 14. Mwuza mandazi angeweza kuuzungusha na kuulipa. Mwenye vifaranga, katu. Yeye anahitaji mkopo ambao malipo yake yanaanza mayai yakishaanza kuuzwa, na ni heri aseme hivyo waziwazi kuliko kutia sahihi kisha kukimbia simu za anayemdai.

Kunadi wazo mbele ya mwekezaji ni suala jingine. Huyu hadai riba, anataka hisa. Ukimwomba Sh200,000 kwa asilimia 20 ya biashara, umemwambia kwamba kampuni yako, pamoja na pesa zake, ina thamani ya Sh1 milioni. Watazamaji wa kipindi cha KCB Lions' Den, kilichoanza kuonyeshwa humu nchini 2016, watakumbuka jinsi swali hilo la thamani linavyoweza kumtoa mtu jasho. Jiandae kulijibu kwa mauzo uliyokwisha kufanya, hata yakiwa ya trei kumi kwa mama mwenye kibanda cha chai. Mteja mmoja anayelipa hushawishi kuliko kurasa 40 za makadirio.

Wala usiogope kukiri kwamba mpango unaweza kubadilika. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio 2005, nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Waliohusika waligundua kwamba watu walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani, na ulipaji wa mikopo uliwekwa kando.