Laptopu ikigoma kuwaka, mafaili bado yamo

Mhudumu wa afya yuko Dimani, wilayani Kibiti, anamalizia taarifa ya mwezi. Idadi ya wajawazito, watoto waliochanjwa na wagonjwa wa malaria ameitoa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za huduma za afya, akaiingiza kwenye laptopu. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, kompyuta inazima. Anabonyeza kitufe: kimya. Wengi wakifika hapo husema kazi yote imepotea. Mara nyingi haijapotea.

Boti ikizimikiwa injini katikati ya delta ya Rufiji, mzigo hubaki palepale ulipopakiwa. Ndivyo ilivyo kwa laptopu. Kinachokufa mara nyingi ni chaji, betri, kioo, bodi kuu au Windows yenyewe. Mafaili hukaa kwenye diski, kifaa cha peke yake ambacho aghalabu huweza kutolewa.

Anza na mepesi. Jaribu chaji nyingine. Chomoa chaji, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha unganisha chaji na uwashe. Ukisikia feni bila kuona picha, unganisha runinga kwa waya wa HDMI; huenda ni kioo tu. Betri ikiwa imevimba, acha kila kitu: inaweza kushika moto.

Laptopu ikiwaka lakini Windows ikigoma, usikubali fundi akimbilie kupiga Windows upya. Hapo ndipo mafaili mengi huangamia, kwa kuwa maandishi mapya hukalia nafasi ya yale ya zamani. Mwombe kwanza aiwashe kwa flashi yenye Linux, mfano Ubuntu, anakili mafaili kwenye diski ya nje.

Ikiwa haiwaki kabisa, diski hutolewa, ikawekwa kwenye kasha la USB na kuchomekwa kwenye kompyuta nzima. Kasha lazima lilingane na aina ya diski, na katika baadhi ya laptopu mpya diski imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, itadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe.

Sikiliza pia. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Ikigonga "tak, tak", zima. Kila jaribio jipya linaweza kukwaruza sahani.

Maji yana kanuni zake, na watu wa Rufiji na Kibiti waliopitia mafuriko ya Aprili 2024 wanajua yanavyoingia ndani. Laptopu iliyozama isiwashwe, isianikwe juani, isifukiwe kwenye mchele. Diski ya sahani ifungwe kwenye mfuko ikiwa na unyevu wake, ipelekwe kwa mtaalamu, maana ikikauka hubakiza tope na chumvi juu ya sahani. Hata diski iliyoharibika vibaya huweza kuokolewa na mtaalamu: chombo cha anga cha Columbia kilivunjika mwaka 2003, na diski yake moja iliokotwa ikiwa imeungua. Wataalamu waliokoa karibu asilimia 99 ya data, na matokeo ya jaribio lililokuwamo yakachapishwa mwaka 2008.

Diski ya zahanati imebeba siri za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda, hivyo msimamizi wa zahanati ajue nani anaifungua, na fundi asibaki na nakala.

Hata hivyo uokoaji hushindikana wakati mwingine, na gharama zake ni kubwa. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na kituo. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga mlango, nakili kazi ya wiki. Mama aliyetembea kilomita kadhaa kumleta mtoto kliniki anastahili kukuta kumbukumbu za mwanawe zipo.