Kadi za Kuoanisha katika Marudio ya Biolojia ya Binadamu

Mchezo wa kuoanisha, ambao mwanafunzi hupewa kadi za istilahi na kadi za maelezo kisha akatakiwa kuipatia kila istilahi maelezo yake, una nafasi kubwa katika marudio ya biolojia ya binadamu, lakini faida yake hutegemea zaidi namna kadi zilivyoandikwa. Kadi isemayo kwamba figo huchuja damu na kutengeneza mkojo haimpi mwanafunzi kazi yoyote ikiwa kadi nyingine zilizopo mezani zinahusu mifupa na macho, kwa sababu neno mkojo limekwisha kumfichulia jibu. Hali ni tofauti kadi hiyo inapowekwa pamoja na zile za nefroni, yaani vichujio vidogo sana ambavyo kila figo huwa navyo takriban milioni moja, za ureta, mirija inayopeleka mkojo kwenye kibofu, na za urethra, mrija unaoutoa mkojo nje ya mwili.

Maelezo yenyewe nayo yahitaji uangalifu. Wanafunzi wengi hukariri kwamba ateri ni mshipa wenye damu iliyojaa oksijeni, ilhali ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, na vena za mapafu ndizo zinazoirejesha moyoni ikiwa imeshapata oksijeni. Kadi sahihi husema kuwa ateri hutoa damu moyoni na vena huirudisha, na mwalimu anayeacha kosa hilo kwenye kadi hulikaririsha kila mchezo unapochezwa.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika kanuni ya mchezo, kwamba jozi iliyopatikana huondolewa mezani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, wakaona kwamba walioendelea kupimwa hata kwa maneno waliyokwisha kuyapata walikumbuka takriban asilimia 80 baada ya wiki moja, ilhali ambao hawakupimwa tena kwa maneno hayo, hata walipoendelea kuyasoma, hawakufikia asilimia 40. Jozi iliyopatikana, basi, yafaa irudishwe kwenye fungu na kuulizwa tena.

Aidha, kadi zikiwa sawa kwa idadi, jozi ya mwisho hujipanga yenyewe bila mchezaji kujua lolote. Maelezo mawili au matatu yasiyo na mwenzi huondoa bahati hiyo. Kutambua jibu lililo mbele ya macho ni kazi nyepesi kuliko kulitoa kichwani, kwa hiyo kadi za istilahi zifunikwe kwanza, mchezaji asome maelezo, ataje au aandike istilahi anayoidhani, ndipo afunue na kujisahihisha.