Kulainisha Nguo za Mtoto: Dawa ya Dukani au Siki?

Mama mpendwa, bila shaka umewahi kuanua nguo zilizokakamaa kama ubao. Taulo inakwaruza, nepi ya mtoto inamchubua. Hapo wengi wetu hukimbilia dawa ya kulainisha nguo, tena ile yenye manukato. Kabla hujaitia kwenye ndoo ya nguo za mtoto, tuelewe kwanza inafanya nini.

Kwa nini nguo hukakamaa?

Mara nyingi ni kwa sababu ya sabuni iliyobaki. Penye maji ya chokaa, kama ya visima vingi vya Dodoma, sabuni haitoi povu upesi. Hushikana na madini ya maji, ikaganda kwenye nyuzi. Nguo hiyo ikilowa jasho au mkojo, sabuni huwasha ngozi ya mtoto, ambayo bado ni nyembamba.

Dawa ya dukani

Dawa hii haiondoi sabuni iliyobaki, bali huzipaka nyuzi utando mwembamba unaoteleza. Kwa shuka au sweta la mtu mzima haina ubaya, ukifuata kipimo. Lakini utando huo hupunguza uwezo wa nguo kunyonya maji. Taulo haikaushi vizuri, na nepi ya kitambaa huacha mkojo juu ya ngozi. Manukato nayo huweza kumwasha mtoto mwenye pumu ya ngozi. Tena, nguo za kulalia za flana au za manyoya zikitiwa dawa hii hushika moto upesi zaidi. Tukumbuke hilo penye kibatari na jiko la mkaa.

Njia ya nyumbani

1. Suuza mara 2 au 3 kwa maji mengi, mpaka yatoke bila povu.

2. Katika maji ya mwisho, lita 10, tia robo kikombe cha siki nyeupe. Siki huyeyusha chokaa na mabaki ya sabuni. Harufu yake huisha nguo ikikauka.

3. Kung'uta nguo kabla ya kuanika.

4. Piga nepi pasi pande zote mbili. Pasi hulainisha, na huua mayai ya nzi wanaotaga kwenye nguo zilizoanikwa, ambayo huleta funza ngozini.

Onyo: usichanganye kamwe siki na jiki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoumiza macho na mapafu. Nguo ikishatiwa jiki, isuuze kwa maji matupu tu.

Mtoto akiendelea kuwa na upele baada ya siku chache, au ukitoa usaha, mpeleke kliniki.

Mwanamke anayesifiwa katika Mithali 31 aliwajali watu wa nyumba yake hata katika mavazi yao. Nasi tufanye hivyo, tukianzia kwenye ndoo ya kusuuzia. Mungu awabariki.